Bwawa la Mawimbi Jangwani na Bomba la Jirani

Kwenye miamba ya milima ya Santa Rosa, kusini mwa mji wa La Quinta huko California, kuna mstari unaoonekana hata ukiwa barabarani. Juu yake mwamba ni wa kahawia iliyoungua. Chini yake umefunikwa na ukoko wa chokaa wa rangi hafifu, wenye vitundu vitundu, unaokwaruza vidole ukiupapasa. Ule mstari ni ufuo. Zamani mto Colorado ulipokuwa ukihama njia na kumwaga maji yake bondeni, ziwa kubwa lilijaa pale, Ziwa Cahuilla, likakaa, likakauka, likajaa tena. Mara ya mwisho lilikauka takribani miaka 300 iliyopita. Watu wa kabila la Cahuilla walivua samaki kandokando yake, na mitego yao waliyoipanga kwa mawe ipo hadi leo, safu chini ya safu mteremkoni, kwa sababu kila maji yalivyopungua nao walishuka nayo.

Chini ya milima hiyo hiyo, mahali panapoitwa Coral Mountain, ndipo waendelezaji walipotaka kurudisha mawimbi. Walikuwa na eneo la ekari 386 hivi. Walipanga kujenga nyumba hadi 600, hoteli ya vyumba 150, na katikati bwawa la mawimbi la ekari 12 hivi, lenye galoni milioni 18 za maji, yaani lita milioni 68. Mashine ya kutengeneza mawimbi ingekuwa ya kampuni aliyoianzisha Kelly Slater, bingwa wa dunia mara 11 wa mchezo wa kuteleza mawimbini. Ili haya yawezekane, baraza la mji lilitakiwa kubadilisha matumizi ya ardhi, maana eneo lile lilikwisha kupangiwa nyumba na uwanja wa gofu. Wakazi wakagawanyika. Mikutano ikawa mirefu, ikaahirishwa, ikarudi. Septemba 2022 madiwani wakapiga kura, na wote wakakataa.

Niliwahi kuishi katika bonde hilo, bonde la Coachella, nikifanya kazi hotelini, na mabishano yale niliyafuatilia kwa karibu kama mtu anayehusika. Naamini madiwani walifanya uamuzi sahihi. Lakini naamini pia kwamba bwawa lile lilipimwa kwa kipimo kibovu na pande zote mbili, na kipimo hicho bado kinatumika kila ombi jipya linapofika mezani.

Nianze na waliolitaka, kwa sababu hawakuwa watu wa kubezwa. Mimi mwenyewe nayapenda mawimbi mno. Desemba 2015 Slater alipotoa video ya wimbi lake la Lemoore, mji wa mashamba katikati ya California, mwendo wa zaidi ya kilomita 150 kutoka baharini, niliirudia na kuirudia hadi usiku wa manane. Ni bwawa refu, jembamba, asubuhi, maji hayana hata kikunjo. Kisha kitu kinaanza kutembea kando ya ukuta: chombo kizito kinachovutwa juu ya reli, na chini ya maji kina bawa. Bawa linasukuma maji, sakafu ya bwawa iliyochongwa kwa hesabu inayainua, na wimbi linaumuka na kukimbia urefu wote wa bwawa bila kuporomoka ovyo. Mtelezaji anaingia ndani ya mviringo wake na kukaa humo kwa muda ambao baharini ni bahati kuupata. Likishapita, lazima maji yaachwe yatulie ndipo lingine liitwe.

Baharini unangoja. Wimbi linalofika pwani ya California wakati wa kiangazi huenda limezaliwa na dhoruba karibu na New Zealand, likasafiri karibu wiki nzima, na likifika, upepo wa mchana unaweza kuliharibu mbele ya macho yako. Bwawani linakuja kwa ratiba, na mtu anayejifunza analipata lile lile tena na tena hadi miguu yake ielewe. Mtoto aliyekulia mbali na bahari anaweza kujifunza mchezo huu bila kuvuka milima. Hilo ni jambo jema, na sitaki mtu anayepinga mabwawa haya alipite kana kwamba halipo.

Tena wazo lenyewe ni la jangwani tangu mwanzo. Bwawa la Big Surf lilifunguliwa Tempe, Arizona, mwaka 1969. Mhandisi Phil Dexter alilibuni kwa kanuni rahisi: unapandisha maji juu ya tangi nyuma ya bwawa, kisha unayaachia kwa mkupuo yapite chini ya lango. Lilidumu miaka 50 hivi, chama cha wahandisi wa mitambo wa Marekani kikalitambua kuwa kumbukumbu ya kihistoria, na halikufunguliwa tena baada ya janga la korona. Watu wengi wa Arizona walipata wimbi lao la kwanza pale, jua likiwachoma na bahari ikiwa mbali kabisa.

Sasa tuje kwenye maji, kwani hapo ndipo moyo wangu ulipo.

Bonde la Coachella hupata mvua ya milimita 75 hivi kwa mwaka. Tarehe 5 Julai 2024 Palm Springs ilifika nyuzi joto 51 za Selsiasi, joto kubwa kuliko lolote lililowahi kurekodiwa mjini hapo. Maji ya bonde yanatoka sehemu mbili kubwa. Moja ni chini ya ardhi. Nyingine ni mto Colorado, unaoletwa na mfereji wa Coachella wenye urefu wa maili 123, uliokamilika mwishoni mwa miaka ya 1940. Hizo mbili zimefungamana: sehemu ya maji ya mto huachiwa kwenye madimbwi maalumu yazame mchangani, yakajaze kile kinachovutwa na visima. Sababu ya kufanya hivyo ni kwamba ardhi ilikuwa imeanza kuzama. Wataalamu wa jiolojia wa serikali kuu walipima na kukuta kwamba kati ya mwaka 1995 na 2010 baadhi ya sehemu za Palm Desert, Indian Wells na La Quinta zilididimia, nyingine kwa karibu futi 2. Maji yaliyoshikilia udongo yalikuwa yamenyonywa. Kujaza upya kumesaidia sana, na kuzama huko kumepungua au kukoma sehemu nyingi. Lakini dawa yenyewe ni maji ya mto Colorado.

Na mto huo ulikuwa na hali gani wakati mabishano ya La Quinta yanapamba moto? Agosti 2021 serikali kuu ilitangaza upungufu rasmi kwenye mto Colorado kwa mara ya kwanza katika historia. Juni 2022 mkuu wa idara ya serikali inayosimamia mabwawa na mifereji, Camille Touton, aliyaambia majimbo saba yanayotumia mto huo yapunguze matumizi kwa ekari-futi milioni 2 hadi 4. (Ekari-futi moja ni maji ya kufunika ekari moja kwa kimo cha futi moja, zaidi kidogo ya lita milioni 1.2.) Julai hiyo Ziwa Mead, hifadhi kubwa ya maji ya mto huo, likashuka hadi kiwango ambacho halikuwahi kufika tangu lilipojazwa miaka ya 1930. Picha za mashua zilizokwama kwenye tope lililopasuka zilikuwa kila mahali. Katika majira hayo hayo mtu anasimama mbele ya baraza na kuomba bwawa la kuteleza.

Watetezi wa mradi walikuwa na jibu, na kwa hesabu jibu lao lilikuwa na nguvu. Walisema: linganisheni na gofu. Bonde lina viwanja vya gofu 120 hivi. Nilikaa nikafanya hesabu mwenyewe. Ziwa Salton, lililo mwisho wa bonde hilo hilo, hupoteza kimo cha futi 6 hivi kila mwaka kwa kuvukizwa na jua. Ukichukua kimo hicho kwa ekari 12, unapata ekari-futi 72 kwa mwaka, yaani lita milioni 89. Angalia vizuri: hayo ni mengi kuliko maji ya kulijaza bwawa mara ya kwanza. Jua lingelimaliza lote na kudai zaidi kabla mwaka haujaisha, na sijahesabu rasharasha za mawimbi wala maji ya kuoshea vichujio. Ila uwanja wa gofu wa mashimo 18, wenye nyasi za kumwagiliwa zipatazo ekari 100, katika joto lile hunywa mara kadhaa ya hayo. Kwa hiyo ni kweli, bwawa la mawimbi ni nafuu kuliko gofu.

Tatizo ni kwamba katika bonde lile karibu kila kitu ni nafuu kuliko gofu. Ukilipokea gofu kuwa kipimo, hutakataa chochote kamwe. Na pale Coral Mountain hakukuwa na nyasi hata jani moja za kung'olewa ili kulipisha bwawa. Kulikuwa na mchanga, vichaka vya kreosoti na mashamba yaliyoachwa. Maji yaliyodaiwa kuokolewa yalikuwa ya uwanja ambao haujajengwa. Kila tone la bwawa lingekuwa tone jipya juu ya yote yanayotumika tayari. Nilimsikiliza kwa makini kila aliyesema “tutaokoa maji”, na sikuona ni bomba gani lingefungwa.

Nikiwa kazini nilikuwa nikitoka zamu ya usiku kabla ya alfajiri, saa ambayo vinyunyizio vya nyasi hufanya kazi. Lami ilikuwa imelowa kandokando ya barabara nzima. Maji yalitiririka kwenye ukingo wa saruji, yakapita vifusi vya majani, yakaingia kwenye kalvati, na saa mbili asubuhi hapakuwa na alama kwamba yalipita. Hewa ilinukia nyasi zilizolowa, harufu nzuri, na kwa dakika chache ungeweza kusahau kabisa uko wapi.

Mmoja wa mama niliofanya nao kazi kwenye kufua mashuka alikuwa akiishi upande wa mashariki wa bonde, kwenye kambi ya nyumba za trela. Gari lake halikukosa madumu matupu nyuma ya kiti. Akitoka kazini hupitia kwenye kioski cha maji, anaingiza sarafu, anajaza dumu moja baada ya jingine, huku ameliegemeza goti lake kwenye mlango ili usijifunge. Maji ya bomba la kwake aliyatumia kufulia tu. Hata kupikia aliyaogopa. Kutoka hotelini hadi kwake hakufiki nusu saa kwa gari.

Hofu ile haikuwa ya kufikirika. Mwaka 2019 shirika la serikali kuu la ulinzi wa mazingira, EPA, liliitolea agizo la dharura kambi ya Oasis Mobile Home Park, karibu na Thermal, baada ya maji yake kukutwa na aseniki karibu mara kumi ya kiwango kinachoruhusiwa: sehemu 97 kwa bilioni, wakati kikomo ni 10. Watu wapatao 1,900 waliishi pale, wengi wao vibarua wa mashambani, wanaochuma zabibu, pilipili na tende. Aseniki hiyo inatoka ardhini kiasili. Visima vya kambi ndogo kama zile havina mitambo ya kuichuja ya kuaminika, na wakati ule mabomba ya mamlaka kubwa ya maji yalikuwa hayajafika huko. Kambi iko kwenye ardhi ya kabila la Torres Martinez, na ndiyo maana serikali kuu ndiyo iliyoingilia kati.

Oktoba 2020, mwaka mmoja na kidogo baada ya agizo lile, bodi ya wasimamizi wa Kaunti ya Riverside iliidhinisha mradi mwingine wa mawimbi, huko huko Thermal: Thermal Beach Club, nyumba 326 na ziwa la kuteleza la ekari 20 hivi, kwa ajili ya wanachama. Wakazi wa kambi za trela na wanaharakati wao walikuja kwenye mikutano na kusema wazi kwa Kihispania, kupitia wakalimani, kwamba haingii akilini maji safi ya kuchezea yapate njia kufika pale kabla ya maji safi ya kunywa. Walijibiwa kwa ahadi za ajira na michango. Sipuuzi ajira, maana mimi mwenyewe nililipa kodi ya nyumba kwa mshahara wa hoteli. Ila naamini kabisa kwamba wasimamizi walikuwa na nafasi ya kusema: bomba la jirani kwanza, kisha tuongee juu ya ziwa. Hawakusema.

Hicho ndicho kipimo ambacho ningependa kitumike. Usiniulize bwawa linakunywa sehemu gani ya kile kinachonywewa na gofu. Niambie nani ndani ya bonde hili hili hana maji salama, na mradi huu unamsogeza karibu na maji hayo au unamwacha palepale. La Quinta na Thermal ziko bonde moja, juu ya maji yale yale ya chini ya ardhi, ingawa La Quinta ina baraza lake na Thermal inasubiri kaunti. Na suala la nani mwenye haki ya kwanza si geni hapo. Mwaka 2013 kabila la Agua Caliente, tawi la Wacahuilla walioko Palm Springs, lilizishtaki mamlaka mbili za maji za bonde, na mwaka 2017 mahakama ya rufaa ya serikali kuu ikakubali kwamba haki yao ya maji inafika hadi kwenye maji ya chini ya ardhi. Wenye mitego ya mawe wamekumbusha kwamba walikuwapo.

Malalamiko mengine ya watu wa La Quinta nayapitia haraka, si kwa kuwa hayana uzito. Nguzo za taa zenye urefu wa futi 80, katika mji ambao watu huhamia kwa ajili ya nyota. Ngurumo ya mashine na vipaza sauti vikirudishwa na kuta za mlima. Nyumba ambazo nyingi zingekodishwa kwa siku mbili tatu. Kuna pia suala la afya ambalo halikupewa nafasi ya kutosha: mwaka 2018 mtu mmoja alifariki kwa ameba inayoshambulia ubongo baada ya kuteleza kwenye bwawa la mawimbi la Waco, Texas. Ameba ile hupenda maji yasiyo na chumvi yakishapata joto, na jangwani joto hilo lipo nusu mwaka. Kinga yake inajulikana: kuchuja na kutia klorini bila kukosa. Inagharimu, na haina likizo.

Lakini nisiache picha kwamba jibu pekee ni kukataa. Ndani ya bonde lile lile kuna njia mbili zilizo bora. Palm Springs, bwawa la Palm Springs Surf Club lililofunguliwa Januari 2024 lilijengwa kwenye eneo la bustani ya michezo ya maji iliyokuwapo tayari, na mawimbi yake hutolewa na hewa inayosukuma maji kutoka kwenye vyumba vya nyuma. Palm Desert, mradi wa DSRT Surf uliidhinishwa kwenye eneo la Desert Willow, viwanja vya gofu vya mji wenyewe, na mpango wake ukafungamanishwa na kung'oa nyasi za viwanja hivyo na kupanda mimea ya jangwani, ili maji ya bwawa yalipwe na nyasi zilizoondoka. Hapo naona bomba linalofungwa. Naweza kwenda kulikagua kwa macho: palipokuwa kijani panatakiwa kuwa changarawe na kakati. Mradi kama huo ningeweza kuutetea mbele ya yule mama wa madumu, ingawa naye angekuwa na haki ya kuniuliza bomba lake linafika lini.

Bonde limewahi kuota ndoto ya ufuo kabla ya hii. Mwaka 1905 maji ya mto Colorado yalivunja mfereji na kumiminika bondeni hadi 1907, ndipo likazaliwa Ziwa Salton. Miaka ya 1950 na 1960 watu walijenga hoteli na klabu za mashua kando yake. Leo linasinyaa, chumvi imeua samaki, na vumbi la sakafu yake iliyoachwa wazi huvutwa na watoto wa Mecca, Thermal na North Shore, wale wale wa kambi za trela. Hakuna aliyewauliza wakati starehe inajengwa, na hakuna aliyeondoka na vumbi lake wakati starehe imekwisha.

Mikutano ya mabaraza ya California humpa mwananchi dakika chache za kuzungumza. Ningezipata, nisingezungumzia mashua zilizokwama Ziwa Mead wala taa za futi 80. Ningeomba kanuni moja iandikwe na ifuatwe na miji yote ya bonde pamoja na kaunti: anayetaka maji ya burudani aonyeshe kwanza nyasi alizozing'oa, tena ndani ya bonde, tena zile zinazomwagiliwa leo, na alipie sehemu ya bomba la kuzifikisha kambi za mashariki kwenye mtandao wa maji safi kabla wimbi lake la kwanza halijaitwa. Na kanuni hiyo isiwe ya mawimbi peke yake. Siku madiwani wa La Quinta walipokataa bwawa, mpango wa zamani wa nyumba na uwanja wa gofu kwa eneo lile lile la Coral Mountain ulibaki ulivyokuwa. Ningewaomba walifungue na lile faili.